Uzoefu wangu: kubadili mtutu kutoka .308 kwenda 6.5 Creedmoor hapa England (kazi ya fundi nyota tano, ofisi ya leseni nyota mbili)

Wadau naandika hii kwa sababu kila nikisema nimebadilisha mtutu watu wanauliza bei ya mtutu, hakuna anayeuliza karatasi, na karatasi ndo zinakula muda. Niko England, napiga kulungu kwenye mashamba ya wakulima wawili watatu wanaolalamika fallow na roe (aina mbili za kulungu) wanamaliza ngano na miche. Wakenya wakisikia hivyo huwa wananiangalia kama jangili, naelewa, kwao uwindaji ulifungwa tangu 1977. Huku ni kazi halali kabisa, ila bunduki kila moja iko kwenye cheti cha polisi kwa namba yake na kaliba yake (yaani aina ya risasi inayopiga, kama .308 au 6.5 Creedmoor), sasa ukigusa kaliba umegusa cheti.

Bunduki yangu ilikuwa .308, mtutu umechoka, shabaha imeanza kutawanyika. Ningeweza kuweka .308 nyingine na maneno yangeisha mapema, lakini nilitaka 6.5 Creedmoor, inapiga bega kidogo na mtutu wake wenye mzunguko wa 1:8 (mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 8) unazishika vizuri risasi ndefu za shaba, na huku risasi za risasi (yaani za madini ya risasi, lugha yetu hapa inatuchezea) zinasukumwa nje taratibu. Uzuri ni kwamba .308 na 6.5 Creedmoor kitako cha ganda ni kile kile, kwa hiyo bolti (kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu) inabaki, magazini inabaki, kitako cha mbao nilichokizoea kinabaki, darubini inabaki. Kinachobadilika ni mtutu tu. Kama ningetoka .223 hadithi ingekuwa nyingine maana ganda lake ni jembamba na bolti ingebidi ibadilike pia.

Basi mtu anafikiri, mtutu tu, si kama kubadili ekzosi ya gari? Hapana. Kwa sheria ya huku, Firearms Act ya 1968 na nyongeza zake, mtutu wenyewe unahesabiwa kama silaha. Bolti pia, na ile bodi inayobeba bolti pia. Kwa hiyo bunduki moja ukiifungua mezani una vitu kadhaa ambavyo kila kimoja kinahitaji kibali. Hapo ndo watu wanakwama, kwa sababu mtutu mpya ukiingia ule wa zamani hauyeyuki, upo, ni chuma kile pale kwenye benchi la fundi, na ukirudi nao nyumbani bila nafasi yake kwenye cheti unamiliki silaha isiyo na kibali hata kama umechakaa hautoi shabaha ya mita hamsini.

Fundi wangu, mzee mmoja wa kijijini huko magharibi, ndo kitu cha kwanza alichoniuliza kabla hata hajaishika bunduki: mtutu wa zamani unautaka? Nikamwambia wa nini. Akasema vizuri, basi unabaki kwangu, naingiza kwenye rejista yangu ya biashara, wewe unawaarifu polisi ndani ya siku 7, umemaliza. Angekuwa fundi mwingine angechukua bunduki akaanza kukata chuma halafu maswali baadaye. Kwa hilo tu nampa nyota zote.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Unaomba mabadiliko ya cheti, fomu 201V, unaeleza unaondoa .308 namba fulani na badala yake unaweka 6.5 Creedmoor kwenye bodi ile ile. Hii inaitwa moja kwa moja, moja inatoka moja inaingia, idadi ya bunduki haiongezeki, kwa hiyo HULIPI. Ada inakuja ukiongeza bunduki, na tangu Februari 2025 ni pauni 47, zamani ilikuwa 20. Nimeona watu wamelipa bila sababu kwa kuwa wamejaza kama bunduki ya nyongeza, na wengine wametaka kubaki na mtutu wa .308 kama spea, hapo sawa, hiyo ni nyongeza, lipa na ueleze unautakia nini.

Sababu lazima uandike. Usiandike "napenda kaliba hii", andika kazi. Mimi niliandika kulungu, nikataja mashamba, na kaliba ina uhalali wake maana Deer Act ya 1991 kwa England inataka isipungue inchi .240 na nguvu ya futi-paundi 1,700 mdomoni mwa mtutu kwa kulungu wakubwa, na 6.5 inapita hapo bila kutoa jasho. Wale wadogo kabisa, muntjac na kulungu wa Kichina, sheria inaruhusu hata .22 yenye nguvu ya kutosha, lakini ukishakuwa na fallow kwenye shamba hiyo haikusaidii. Ofisa akiona kaliba mpya inafanya kazi ile ile ya kaliba ya zamani kwenye ardhi ile ile hana sababu ya kukuzungusha.

Sasa hiyo ni nadharia. Ofisi ya leseni ya eneo letu, siitaji, ilikaa na fomu yangu mpaka nikaanza kuhisi wameifungia maandazi. Barua pepe inajibiwa na mashine, simu inalia mpaka inakata. Akapiga ofisa mmoja mwishowe, mdada mstaarabu sana, swali lake ni kwamba sailensa yangu (ile ya kupunguza mlio) kwenye cheti imeandikwa .308, je naiondoa pia? Swali zuri kusema kweli. Sailensa nayo iko kwenye cheti. Nikamweleza tundu la .30 linapitisha 6.5 bila shida na fundi atachonga nyuzi zile zile mdomoni mwa mtutu mpya, akasema sawa atarekebisha maelezo. Nikajua tumemaliza.

Cheti kikaja kwa posta. Nakifungua, bunduki ipo, 6.5 Creedmoor, namba sahihi, safi. Nashuka chini kwenye sehemu ya risasi: .308, kiasi cha kununua, kiasi cha kumiliki, vile vile kama zamani. 6.5 hakuna. Sifuri. Yaani wameniruhusu bunduki halafu hawakuniruhusu hata risasi moja ya kuiweka ndani, na wakati huo huo nimeruhusiwa mamia ya risasi za bunduki ambayo sina! Kwenye fomu niliandika vyote, nakala ninayo. Na duka la risasi hawakuonei huruma, muuzaji anatazama cheti chako mstari kwa mstari, kisichoandikwa hakiuzwi. Cheti kikarudi posta, nikasubiri tena.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wote, kwenye fomu ile sehemu ya risasi iandike kwa sentensi kamili, kaliba, kiasi cha kununua kwa mkupuo, kiasi cha kuwa nacho jumla, na kama unajaza risasi mwenyewe nyumbani hakikisha kiasi kinatosha. Halafu cheti kikifika USIANGALIE bunduki, angalia risasi kwanza. Na zile .308 zilizobaki kabatini zipeleke kwa muuzaji mwenye leseni kabla cheti kipya hakijaanza kazi, usiziweke eti utampa rafiki, rafiki naye anahitaji kibali cha kaliba hiyo na nafasi kwenye kiasi chake.

Wakati wote huo bunduki ililala kwa fundi na hiyo haina tatizo, yeye ni muuzaji aliyesajiliwa, inakaa kwenye rejista yake. Kuna kitu wengi hawakijui, fundi anaweza kukamilisha kazi yote wakati cheti chako bado kiko polisi, asichoweza ni kukukabidhi bunduki ya kaliba ambayo hujaruhusiwa. Kwa hiyo usisubiri cheti ndo uagize mtutu, mitutu mizuri yenyewe ina foleni.

Kitu kingine ni upimaji. Mtutu mpya hauuzwi huku mpaka upite kwenye nyumba ya majaribio, ziko mbili, London na Birmingham, ya Birmingham ipo tangu 1813 kwa sheria ya Bunge. Wanafyatua risasi maalumu yenye presha inayozidi kiwango cha juu cha kawaida kwa asilimia 25, mtutu ukivumilia unapigwa muhuri. Wangu ulikwenda Birmingham. Ukiutazama karibu na chemba (pale risasi inapokaa) kuna kitaji kidogo sana na chini yake herufi BNP, halafu kaliba. Inabidi uinamishe kwenye mwanga ndo uone. Kuna jamaa wanaona hii ni kupoteza hela, mimi sioni hivyo, uso wangu ndo uko nyuma ya hiyo chemba sio wa kwao. Gharama ya majaribio ilikuwa sehemu ndogo tu ya bili, kubwa ni mtutu wenyewe na saa za fundi.

Kazi yenyewe? Safi mno. Makundi (matundu ya risasi kwenye karatasi ya shabaha) yamebana, bega limepumzika, na fallow wa kwanza aliangukia pale pale aliposimama. Ila mjue 6.5 mtutu wake unachoka mapema kuliko .308, kama unapiga sana shabaha za karatasi fikiria mara mbili. Kwangu mimi napiga chache kwa mwaka.

Je, ningenunua bunduki mpya badala yake? Kwa hela, tofauti sio kubwa hivyo, bunduki za dukani za kaliba hii zimejaa. Kwa karatasi, kuuza ile na kununua nyingine ni moja kwa moja vile vile, na pengine ofisa anaielewa haraka zaidi kuliko hii ya mtutu. Kama huna mapenzi na bunduki uliyonayo, nunua nyingine.

Na kwa wenye vyeti vinavyokaribia miaka 5, subirini mfanye pamoja na kuhuisha, maana mabadiliko yakiombwa na fomu ile ya kuhuisha hata ukiongeza mtutu wa spea hakuna ile 47 ya juu, unalipia kuhuisha tu.