"Msiba wa kujitakia": usiku wangu wa kwanza baada ya kupunguzwa tumbo

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haipoi. Basi naandika hivyohivyo.

Upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia. Matundu madogo matano, na mfuko wa chakula ukapunguzwa karibu asilimia 80, ukabaki kama kibomba chembamba. Vidonda vimepona vizuri, makovu kuyaona lazima uyatafute. Daktari aliyenipasua apewe maua yake. Mimi nina neno na usiku wa kwanza wodini.

Kabla sijaingia chumba cha upasuaji alikuja kijana na fomu. Unavuta sigara? Hapana. Ukisafiri kwa gari unatapika? Nikacheka, nikamwambia mimi safari ya nusu saa tu naomba kiti cha dirishani na mfuko mkononi. Uliwahi kutapika baada ya nusukaputi? Ndiyo, nilipotolewa kidole tumbo nilitapika mchana kutwa. Akatia alama ya vema kotekote, akaenda zake. Nikajua yameandikwa, yatafanyiwa kazi. Kumbe yameandikwa tu.

Nilipozinduka maumivu ya tumbo yalikuwa ya kuvumilika. Lililoniliza ni bega! Bega la kulia linakata kama kisu, nikadhani moyo unanisimama, na hakuna aliyekuwa amenidokeza habari ya bega. Halafu kikaja kichefuchefu. Wanaotapika gari wanakijua kile cha kawaida. Hiki ni kingine, kinapanda kutoka kwenye nyayo. Na tumbo halina kitu, kwa hiyo unakamuka tu, povu na mate, na kila ukikamuka unauona mshono wa ndani unaachia.

Nikabonyeza kengele. Sista akaja, akasimama mlangoni. Nikamwambia, "Sista, nisaidie, natapika, na bega linaniua."

Akaniangalia mimi, akaliangalia beseni. "Mama, msiba wa kujitakia hauna kilio."

Akaniongezea dawa ya maumivu kwenye dripu, ileile ya jamii ya mofini, akaondoka. Robo saa baadaye nilikuwa nimelikumbatia beseni kama mtoto.

Nimejitakia nini? Aliyetolewa mawe kwenye nyongo hupitishiwa matundu hayohayo, akitapika anaambiwa pole. Mimi kwa kuwa nilikuwa mnene ndiyo nimejitakia? Nina kisukari, magoti yamekwisha, nimehangaika miaka na miaka na mwili huu, halafu saa nane za usiku natupiwa methali. Mpaka leo nikisikia mtu anaitaja, hata kwa utani, tumbo linacheza.

Asubuhi akaja daktari wa usingizi, mama wa makamo. Akafungua faili, akaisoma ile fomu, akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza. Mwanamke, asiyevuta sigara, anayetapika safarini au aliyewahi kutapika baada ya nusukaputi, na atakayepewa dawa za jamii ya mofini: hayo ni mambo manne, na mwenye yote manne wanatarajia atatapika, karibu wanane katika kila kumi. (Yaani kutovuta sigara nako kumbe kunakuponza.) Mtu wa namna yangu, akasema, hupewa kinga ya aina mbili au tatu tofauti kabla hajaamka, kwa mfano deksamethasoni mwanzoni na ondansetroni mwishoni, na akilazwa usingizi kwa dawa ya mshipani pekee badala ya ile ya kuvuta, nafuu inaongezeka. Mimi nilipewa ondansetroni, basi.

Akasimamisha mofini, akaweka parasetamoli ya dripu kwa saa maalumu, nisisubiri mpaka niumie. Dawa ya kichefuchefu akaleta ya aina nyingine, maana kurudia ileile baada ya saa chache hakusaidii. Na bega? Ni gesi ya kaboni dioksidi wanayojaza tumboni ili wapate kuona. Inayobaki inausumbua msuli ulio chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa msuli huo unatokea shingoni, jirani na wa bega. Ubongo unakosea mlango. Akanishika mkono nitembee. Nilitembea ukumbini mara nne, nikinywa maji kwa funda dogodogo, na kufika jioni nikawa mtu.

Dakika tano za maelezo. Zingewagharimu nini jana yake?

Nilikuwa nimekusudia kuupa usiku ule nyota moja. Lakini nikikumbuka vizuri, sista yule alikuwa peke yake wodi nzima, na kengele zilikuwa zinalia huku na huku. Fomu hakuijaza yeye, kinga hakuipunguza yeye. Wenye kosa kubwa hata sura zao sikuziona. Haya, tatu.

Ila methali haikuandikwa kwenye fomu. Ile aliitoa mwenyewe. Moja!

Siku ya kuruhusiwa nikamkuta zamu. Akanibebea mkoba mpaka kwenye gari, akainama dirishani. "Mama, pole kwa ule usiku." Sikumjibu, nilijifanya natafuta simu. Nyumbani ndiyo nikaanza kuwaza kwamba labda ningeitikia.

Basi mbili. Mbili na nusu, kama inaruhusiwa.