Hobie 16 ya mtumba, msimu wa tatu wa resi mimi na mdogo wangu: iko hivi

Tuliikuta hii boti ya matanga ya bodi mbili (katamarani) imelala chini ya mkungu, majani makavu yamejaa juu ya trampolini, kile kitambaa cha kukalia katikati ya bodi, kamba zimekakamaa na jua la miaka. Mwenye nayo alikuwa anahama nchi, akatutajia bei ya bajaji ya mtumba iliyochoka, mimi na mdogo wangu wa kike tukaangaliana, tukatoa hela siku hiyo hiyo. Saivi ni msimu wa tatu tunashindana nayo ghuba ya Msasani, Dar. Hatujawahi kushika namba moja, namba mbili tumeshika mara mbili, na naandika kwa yeyote anayefikiria kuchukua boti ya bodi mbili kwa ajili ya resi za wikiendi, ana mwenzake mmoja, ana hela ya kawaida, ana kazi Jumatatu.

Kwanza boti yenyewe. Huyu Hobie Alter, mwenye jina la boti, alikuwa fundi wa mbao za kutelezea mawimbi kule California, ndio maana ukiiangalia hii boti unaona imefikiriwa na mtu wa ufukweni, sio mtu wa gati. Hobie 16 ziko baharini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na zimeshatengenezwa zaidi ya 100,000. Urefu mita 5.05, upana mita 2.41, uzito kilo 145, mlingoti karibu mita 8. Umbo halijabadilika, na kwa mtu wa resi hilo ni jambo kubwa sana, maana boti ya zamani kama yetu inapangwa mstari mmoja na mpya na mkipitwa mnajua mmepitwa na watu, sio na hela.

Sasa kitu ambacho kwangu mimi ndio sababu namba moja ya kuichukua kwa pwani yetu: haina ubao wa kushusha chini katikati. Boti nyingi za resi zina ule ubao, na ubao ukigonga mwamba maji yakiwa yanapwa siku yako imeisha. Dar bamvua inapwa zaidi ya mita 3, asubuhi unaondoka kwenye maji, mchana unarudi kwenye mchanga na mawe. Hii unakuja nayo mpaka ufukweni, sukani zinajikunja zenyewe zikigusa chini, unaruka, unavuta.

Siku ya kwanza tunaifunga funga pale Kunduchi akaja mzee mmoja mvuvi, shikamoo mzee, marahaba wanangu, akazunguka boti kimya kimya halafu akauliza, "Sasa hii haina mkuku, itabishaje?" Swali la mtu anayejua bahari, maana mkuku, ule uti wa chini ya chombo, ndio unaokizuia kusukumwa pembeni kinapobisha, yaani kinapopanda kinyume na upepo. Nikamwambia mzee shika hapa. Akapitisha kiganja upande wa nje wa bodi, umenyooka karibu kama ukuta, halafu akainama akapitisha upande wa ndani, umebenuka kama tumbo la papa. Akarudia tena nje, tena ndani. Akasema, "Aa, wamechonga bawa." Ndicho chenyewe. Upepo ukilemea, bodi ya upande wa demani, upepo unakoelekea, inazama zaidi, na ule mbenuko unaivuta boti kuelekea joshini, upepo unakotokea, kwahiyo haitelezi kwenda pembeni kiasi unachotegemea kwa chombo kisicho na mkuku. Sio kwamba inapanda bisho kama boti yenye ubao, hapana, boti zenye ubao zinakaa karibu zaidi na upepo na tukishindana nazo pamoja zinatuacha kwenye mguu wa kupanda, sisi tunazifikia tena tukigeuka kushuka na upepo. Ila inabisha vizuri kabisa ukiiachia ikimbie badala ya kuilazimisha pua kwenye upepo. Sisi msimu wa kwanza wote tulikuwa tunailazimisha.

Kugeuza ndio shule yake. Ukisukuma kana, ule mkono wa sukani, ghafla kama unavyofanya kwenye boti ya bodi moja, sukani mbili zinageuka breki, boti inasimama pua kwenye upepo, matanga yanapiga piga na wenzako wanapita mnawaangalia. Ilitukuta sana, mwanzoni kila tukigeuza mara kumi kama nne tunakwama. Inavyotakiwa ni hivi: ingia na mwendo, tanga kubwa limekazwa, kana unaisukuma taratibu halafu unaongeza, miili yote miwili inarudi nyuma ili pua ipate kuzunguka, na mwenzako HAACHII tanga la mbele, analiacha upande ule ule wa zamani mpaka lishike upepo kinyume na kuisukuma pua upande wa pili. Hapo ndio unalegeza demani, maana kamba ya kukazia tanga kubwa nayo inaitwa hivyo, kama futi mbili, maana usipolegeza linairudisha boti ilikotoka, mnapita chini ya bumu, ule mti wa chini ya tanga kubwa, na kama upepo ni mdogo unaivuta ile bumu kidogo kwa mkono ili fito za tanga zikubali kugeuka, zinafanya tak! tak! halafu ndio unaondoka. Mkishakwama msipaniki, sukuma bumu mbali na wewe, sukuma na kana mbali na wewe, boti itarudi kinyumenyume na kujigeuza. Tulipolijua hili hatukukaa tena dakika nzima tunaelea.

Utaona kwenye maelezo yote hayo kuna watu wawili. Mimi nikichelewa kulegeza, kazi nzuri ya mdogo wangu na tanga la mbele imepotea. Yeye akiachia mapema, kana yangu haina maana. Nimeendesha boti ndogo za mtu mmoja na nilikuwa naona najua, hii ikanionyesha kwamba mwendo wake unatoka kwenye maneno mnayoambiana, na maneno yenyewe yawe machache. Mwanzoni tulikuwa tunapiga kelele sentensi nzima nzima, "kaka nadhani tungesogea nyuma kidogo maana naona mbele inazama", mpaka amalize mbele imeshazama. Saivi tuna maneno manne. "Pua" maana yake ncha ya mbele ya bodi inaingia majini. "Nyuma" maana yake rudisha mwili nyuma. "Legeza." Na "sasa", ambalo analisema yeye tu wakati wa kugeuza, kwasababu yeye ndiye anayeliona tanga la mbele, mimi namsikiliza. Ana miaka saba chini yangu na kwenye hilo neno yeye ndiye nahodha.

Hilo neno "pua" lina historia. Hobie 16 ina pua nyembamba, kila aliyewahi kuiendesha atakwambia, upepo ukiwa mkali ukitokea ubavuni au nyuma kidogo bodi ya upande wa demani inaweza kuchoma chini na boti nzima ikapiga mweleka kwa mbele. Ilikuwa mwezi wa 8, upepo wa kusi umekolea, tunakwenda kuzunguka boya upande wa kisiwa cha Mbudya. Nyuma ya kisiwa cha Bongoyo kulikuwa na kivuli cha upepo, tukajisahau, mdogo wangu yuko nje kwenye waya wa trapezi, ule wa kuning'inia nje ya boti, lakini miguu ameiweka mbele, usawa wa mti wa mbele unaounganisha bodi mbili, mimi nimekaa katikati. Tulipotoka kwenye kile kivuli upepo ukatupiga wote kwa pamoja, boti ikaruka mbio, nikafurahi, nikaangalia mbele nikaona ncha ya bodi haipo. Maji yanapita juu ya bodi kimya kabisa, kijani, mpaka kwenye mti. Halafu ikasimama ghafla na sisi hatukusimama, yeye akazungushwa na waya mpaka mbele ya mlingoti, mimi nikaangukia tanga. Hakuumia, alhamdulillahi, alikuwa amevaa laifujaketi na alishajua kujinasua kwenye kulabu. Kosa letu, wala sio la boti, kwa upepo ule mtu wa trapezi anatakiwa awe nyuma kabisa, karibu ananigusa bega, na mimi demani iko mkononi, sio imefungwa.

Kuisimamisha ndio ilituonyesha upande wa pili. Sheria za hii boti kwenye mashindano rasmi zinataka watu wawili wafike angalau kilo 129, mkipungua mnabeba uzito wa kujazia. Sisi tuko 118 na nguo mbichi. Kwenye mwendo mwepesi wepesi huo ni raha, kwenye kuinyanyua mlingoti ulioshiba maji ni mateso, tulining'inia kwenye kamba mpaka mikono ikakataa na boti ya usalama ikaja kutusaidia. Wiki ile ile tukashona mfuko wa turubai wenye mkanda wa begani. Ukipinduka unalegeza matanga yote, mnaigeuza pua iangalie upepo, unajaza mfuko maji, unautupa mgongoni huku umeegemea nyuma kwenye kamba, na zile lita za maji zikishatoka juu ya uso wa bahari zinakuwa uzito kamili. Tumejaribu mara tatu kwa makusudi, mara zote imekuja. Kama nyinyi ni wepesi kama sisi usitoke siku ya upepo bila huo mfuko, na hakikisha mlingoti umezibwa vizuri usiingize maji, ukijaa boti inageuka miguu juu kabisa na hapo mfuko hausaidii.

Kwa anayetaka kununua ya mtumba. Chukua sarafu, gonga gonga juu ya bodi zote mbili, hasa kipande kilicho mbele ya mti wa mbele, pale ndipo panapooza. Faiba nzima inatoa mlio mkavu, palipoachana ndani panatoa mlio mzito kama unagonga kadibodi, na ukikandamiza kwa kidole gumba panabonyea. Yetu ilikuwa na kipande cha ukubwa wa sahani. Fundi wa kwanza alipaka rangi juu akatuambia tayari, msimu haukuisha pakabonyea tena. Wa pili alitoboa vitundu vidogo, akasubiri pakauke kabisa, akaingiza resini ya epoksi kwa bomba la sindano, mpaka leo pako imara. Halafu nyanyua kona moja ya boti uangalie zile nguzo nne zinazobeba trampolini, zikicheza cheza kwenye bodi, shusha bei au ondoka. Angalia waya za mlingoti, uzi mmoja tu ukiwa umekatika badilisha wote, usibishane. Jua letu linamaliza uzi wa trampolini kabla ya kitambaa chenyewe, kwahiyo vuta mishono kwa nguvu mbele ya muuzaji. Na vizibo vya nyuma vya bodi viwepo, mimi kuna siku nilisahau kimoja nikatoka, tukajiuliza mbona leo tunaburuta.

Jambo moja la usalama halina mjadala. Kabla ya kusimamisha mlingoti angalia juu kama kuna nyaya za umeme. Mlingoti wa aluminiamu wenye urefu huo umeshaua watu, ndio maana baadaye wakaanza kutengeneza ncha ya juu kwa faiba. Yetu ina hiyo ncha, bado tunaangalia juu kila mara.

Hela ikibaki usikimbilie tanga jipya. Sisi tulilegeza kwanza waya wa mbele tukaulaza mlingoti nyuma kadiri makapi, yaani roda, za kamba ya demani zilivyoruhusu, tukarekebisha sukani zikae zimeingia kidogo chini ya boti, na kana iliyokuwa inanichosha bega ikawa nyepesi kama ya baiskeli. Hiyo ilikuwa kazi ya spana na jioni moja. Tukakaza trampolini mpaka ukidondosha ndimu inaruka, maana ikilegea kila unapohama unapoteza nusu sekunde. Namba mbili zote mbili tulizipata na matanga yale yale ya zamani yaliyolegea.

Yasiyonifurahisha. Vipuri vinaagizwa nje na unasubiri, bolti za sukani tulikaa wiki sita, duka lilisema mbili. Kilo 145 kwenye mchanga laini ni watu wanne, au magurudumu mapana ya ufukweni ambayo bei yake inauma, matairi ya toroli tulijaribu yanazama. Upepo ukiwa hafifu, ile saa nne asubuhi ya kaskazi inapokata, mnakaa tu, boti inanata kwenye maji. Na mkitaka kubeba mtu wa tatu na chakula kwenda kisiwani, chukueni Hobie Getaway, ni ya plastiki, ngumu, ina nafasi, ila kwenye resi haitawapa hiki ninachokisema. Nacra 17, ile ya Olimpiki wanayoendesha mwanaume na mwanamke, ni kitu kingine kabisa, kaboni, inanyanyuka juu ya maji, sio hela yetu. Lakini 2016 kule Rio Santiago Lange alichukua dhahabu akiwa na miaka 54 pamoja na Cecilia Carranza Saroli, baada ya kufanyiwa operesheni ya saratani ya pafu, na mdogo wangu huwa ananikumbusha hilo kila nikisema mgongo unauma.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imebaki kwa bolti za wiki sita na upepo hafifu. Mwaka huu tunashona trampolini upya kabla kusi haijaanza, yule mzee wa Kunduchi amekubali kutufundisha fundo lake la kukazia, anasema letu linalegea likilowa.