Uzoefu wangu: Fluid Film badala ya oili chafu chini ya Land Cruiser ya kulala

Gari ni Land Cruiser HZJ78 yenye mkonga (bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka usawa wa paa), injini 1HZ, dizeli ya silinda sita isiyo na tabo. Nyuma kuna kitanda, friji, sinki na tangi la maji, na paa limekatwa likawekwa la kuinuka. Linalala Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba kusi ikivuma kioo cha mbele kinaamka na chumvi. Dawa ya kuzuia kutu niliyopiga chini ni Fluid Film, mafuta mazito ya lanolini, yaani yale yanayotoka kwenye sufi ya kondoo. Hayana kiyeyusho na hayakauki. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo kero yake pia.

Kwa mwenye haraka: inafanya kazi, na naiona bora kuliko oili chafu na kuliko lami ya kupaka chini ya gari. Ila ukiipiga kabla hujaziba mivujo ya oili, umemwaga pesa.

Oili chafu iliyochanganywa na dizeli ndiyo dawa ya gereji nyingi. Sikatai kwamba inapunguza kutu. Ndiyo maana dizeli kuukuu nyingi zinaoza kuanzia nyuma, kwa sababu mbele injini imeshajipaka yenyewe. Lakini inakula bushi na mipira ya chini, na mbaya zaidi inaficha mvujo. Kila kitu kikiwa cheusi, utajuaje kipi kinatoka wapi? Lami nayo inapendeza wiki ya kwanza. Ikipasuka sehemu moja, maji ya chumvi yanaingia nyuma yake na hayatoki, na kutu inaendelea humo kimyakimya mpaka siku bisibisi inapopenya.

Kwa hiyo mivujo kwanza. Tambua kinachovuja kabla ya kutafuta kinapotokea. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi kama kaniki. Ya gia boksi ina rangi ya asali na inanuka salfa. Dizeli yenyewe inaosha vumbi, hivyo ukikuta upande mmoja wa pampu ya dizeli umelowa lakini ni msafi kuliko majirani zake, usihangaike na sili za injini.

Halafu anza juu, si chini. Kwenye 1HZ mtuhumiwa wangu wa kwanza ni gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, pamoja na raba ya nusu mwezi iliyo nyuma ya kichwa cha injini. Oili ikitoka hapo inateremka mgongoni mwa injini, inatambaa juu ya nyumba ya klachi, na kudondokea palepale ambapo ingedondokea kama sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu wa injini) imekufa. Gereji moja ilikuwa tayari kushusha gia boksi. Kilichohitajika ni gasketi, raba na nusu siku.

Kipimo hakina gharama. Funika jenereta kwa nailoni, osha injini kwa dawa ya kuondoa grisi, acha ikauke kabisa. Nyunyiza poda ya watoto nyuma ya kichwa, pembeni mwa bloku na juu ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Endesha kilomita 20, kisha ingia na tochi. Mvujo unachora mstari mweusi kwenye poda, na ncha ya juu ya mstari huo ndiyo chanzo. Vyote vya chini yake ni mapito tu.

Kabla ya kununua sili yoyote, vua mpira wa kupumulia unaotoka kwenye tapeti kava na uusafishe. Ukizibika, presha inatafuta njia kwenye sili. Kisha acha injini isilensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha oili na kiweke juu ya tundu bila kukaza. Kutikisika kidogo si neno. Kikirushwa, moshi unapita kwenye ringi za pistoni, na sili mpya zitavuja kama za zamani.

Gasketi ya tapeti kava haitaki silikoni mzunguko mzima. Weka tone dogo kwenye pembe za nusu mwezi, basi. Kaza nati kwa zamu kutoka katikati kwenda nje, bila kutumia nguvu, maana kava iliyopinda haizibiki tena. Sampu ni tofauti: inakaa kwa silikoni peke yake. Kwangua ya zamani yote, futa kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe, vuta mstari wa milimita 3 hadi 5 unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, na uifunge ndani ya dakika tano. Anayejaza silikoni nyingi "kwa usalama" anasahau kwamba inayominywa ndani inakatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili.

Sili ya mbele ya krenki na ya kamshafti zibadilishwe pamoja na mkanda wa taimingi. Oili ikifika kwenye mkanda inaulainisha, na mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni.

Dawa za kumimina ndani ya injini ili "zizibe" hufanya raba iliyokauka ivimbe. Zinaweza kukufikisha nyumbani. Gasketi iliyopasuka hazina la kuifanya.

Mivujo ikiisha, ndipo unarudi kwenye kutu. Osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, na yaonje kwanza: visima vingi vya pwani ya Dar vina chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia maji hayohayo. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chesisi mpaka maji yatoke bila mchanga. Kutu ya magamba itoe kwa tindo na brashi ya waya. Iliyobaki imeng'ang'ania paka kigeuza kutu chenye asidi ya fosfori, tabaka mbili nyembamba, subiri saa 24, kisha praima ya ipoksi na rangi. Kigeuza hakishiki juu ya grisi, na juu ya magamba kinageuza gamba tu. Palipotoboka ni kuchomelea.

Sehemu za kuchungulia kwenye gari la kulala: mifereji ya paa, pembe za chini za kioo cha mbele, kizingiti cha milango ya nyuma, na sakafu chini ya plaiwudi, ambako maji ya sinki na jasho la usiku hukaa miezi bila kuonekana. Angalia pia keria ya alumini iliyofungwa kwenye chuma kwa bolti za stenlesi. Chumvi ikipata unyevu, metali hizo zinalana. Tenganisha kwa washa za nailoni.

Fluid Film nilitumia galoni moja, karibu lita 3.8, kwa bunduki ya kompresa yenye mrija mrefu unaorusha pande zote, kwa ajili ya ndani ya chesisi na milango. Piga kwenye chuma kikavu, kiangazi, saa sita kuelekea alasiri, si asubuhi ya umande. Usiguse diski, ngoma za breki, wala mipira ya milango, kwa sababu mpira wa asili huvimba. Usizibe matundu ya kutolea maji.

Ndani ya chesisi, baada ya mwaka mmoja bado ilikuwa na utelezi. Kwenye matao ya magurudumu ilishaoshwa na maji na mchanga. Hapo rudia kila miezi sita. Vumbi linashika, na fundi atakayeingia chini atalalamika.

Harufu ni ya zizi, wiki mbili nzima. Toa godoro na mapazia kabla ya kupiga mbavu za ndani. Langu halikutolewa, na mpaka leo siku za joto linanikumbusha kondoo.