Kabla hujanunua banjo, kamata uzi wa tano

Banjo yangu ya kwanza, ala ya nyuzi iliyovaa ngozi kama ngoma, niliipokea stendi ya mabasi ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi. "Mpya kabisa, dada, haijaguswa," muuzaji alikuwa ameniapia kwenye simu, nami nikamtumia laki nne na nusu. Nikaifikisha nyumbani, nikaitia tuni, nikapiga dakika mbili. Uzi wa tano ukalegea. Nikaukaza. Ukalegea tena. Kufika jioni mume wangu alishaanza kuiita "mgonjwa wako".

Mnaoniandikia kuuliza banjo ya kununua huwa mnauliza sauti, mbao, mng'aro wa vyuma. Macho mnayo na masikio mnayo, hayo mtajionea. Mimi nina kidude kimoja tu cha kuwaambia.

Banjo ya nyuzi tano ina uzi mfupi usiofika kichwani. Unaanzia freti ya tano, yaani kile kichuma cha tano kilicholala shingoni, na kigingi chake cha kukazia kimechomoza ubavuni mwa shingo. Huo ndio uzi wa kidole gumba, unaolia juu kwa juu muda wote. Wala si ubunifu wa Wamarekani: akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia nayo ina uzi mfupi wa gumba, na ujuzi huo ulivuka bahari pamoja na watu waliotiwa minyororo. Sasa tazama vigingi. Vinne vya kichwani huwa na gia hata kwenye banjo za bei ya chini. Cha tano ndipo kiwanda kinapobania hela: wanaweka kigingi kisicho na gia, kinachoshikiliwa na msuguano wa skrubu tu. Ukikigusa kidogo, sauti inaruka. Usipokigusa, kinateleza chenyewe.

Kila kikiteleza namkumbuka mpiga banjo wa Marekani Earl Scruggs, aliyefariki Nashville tarehe 28 Machi 2012 akiwa na miaka 88. Mzee huyu wa Flint Hill, North Carolina, aliingia bendi ya mwanamuziki Bill Monroe Desemba 1945 na vidole vyake vitatu, gumba, shahada na cha kati, na nyuzi zikawa zinamwagika kama mtama kwenye ungo. Wengi humsifia kasi. Mimi namlilia kwa vigingi. Alitoboa kichwa cha banjo yake akafunga vyuma vya kulegeza na kukaza uzi wa pili na wa tatu katikati ya wimbo. Sikiliza wimbo wake Flint Hill Special wa 1952: uzi unazama, kisha unarudi palepale ulipotoka. Wa kwake ulilegea kwa amri yake. Wangu unalegea bila kuombwa.

Haya, nipange. Ya kwanza ni Deering Goodtime ya mgongo wazi. Mwamba ngoma huivutia kwake, nami sifichi kwamba navutia huku. Inatengenezwa Spring Valley, California, na kampuni iliyoanzishwa 1975 na mtu na mkewe, Greg na Janet Deering. Haifiki kilo mbili, na kigingi cha tano kina gia. Ngozi yake ni ya plastiki, na usicheke: ngozi ya ndama kwa unyevu wa Dar inalegea kama ngoma, na huwezi kukoka moto sebuleni kila unapotaka kupiga.

Ya pili, nyuzi tano yenye bakuli la mbao mgongoni, aina ya Scruggs. Inapiga kelele kweli, na ina kilo tano hivi, bega litakusimulia. Yeye alipiga Gibson Granada, na hizo za zamani leo ni bei ya kiwanja. Angalia chapa za Recording King au Gold Tone, lakini kigingi kwanza.

Ya tatu ni tenor ya nyuzi nne. Kwa haki ingeshika namba moja, maana haina uzi wa tano wa kukusumbua! Barney McKenna wa The Dubliners, bendi ya Ireland, aliyetutoka siku nane tu baada ya Scruggs, aliitia tuni ya fidla, ila oktava moja chini. Kama fidla unaijua, vidole vyako vitapata njia.

Ya nyuzi sita ni gita lililovaa ngozi. Na zile za mtandaoni zisizo na jina: hapana.

Ukiwa dukani, piga uzi wa tano, uvute pembeni mara kumi, upige tena. Nyuzi mpya hunyooka mwanzoni, kwa hiyo ukaze na urudie. Ukishuka mara ya tatu, rudisha pochi mfukoni.

Bei nayo! Goodtime Marekani kwenyewe inazidi dola 500. Weka usafirishaji, weka ushuru, weka VAT ya asilimia 18, halafu mwenye duka aweke na yake ya kusomeshea watoto. Mpiga banjo wa Marekani Béla Fleck alipokuja Tanzania 2005 kupiga na Anania Ngoliga, mpiga ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, alikuja na banjo yake mkononi. Sasa namwelewa.

Yule muuzaji wangu nilimtumia video ya kigingi kikizunguka chenyewe. Akajibu baada ya siku tatu: "Dada, si unakaza tu?" Nimemlipa fundi redio anifungie kigingi chenye gia. Tundu halikutosha, kalitanua, na shingo sasa ina ufa.