Mashine ya kufyonza kidonda: siku 19 ikining'inia begani

Kwanza niondoe uongo wa matangazo. Mashine hii haiponyi mfupa uliooza. Aliyeniambia kwamba inaponya nilimwamini, nikaja kuelezwa vingine.

Miezi mitano baada ya kupasuliwa moyo, katikati ya kovu langu palitokea tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Linatoa usaha, nakunywa vidonge, linafunga, namshukuru Mungu, wiki ya tatu linafumuka tena. Mara tatu hivyo hivyo. Hospitali niliyoanzia walipangusa juu ya ngozi na kuandika dawa, basi. Hakuna aliyejiuliza lile tundu linaelekea wapi. Nilipopigwa CT, picha ya kuona ndani ya mwili, hospitali nyingine ndipo likaonekana limeshuka hadi mfupa wa kidari, likachepuka kwenye gegedu, ile mifupa laini, za mbavu mbili.

“Gegedu haina mishipa ya damu, mama,” daktari wa upasuaji aliniambia. “Dawa inasafiri na damu. Itafikaje?” Na zile waya zilizofunga kidari, bakteria walikuwa wamezing'ang'ania na kujifunika utando wao. Alinisimamisha antibayotiki wiki mbili ili mdudu aote vizuri maabara, kisha akazitoa waya, akakwangua mfupa hadi ukavuja damu safi, akakata gegedu zote zilizooza. Maabara, vipande vya mfupa vikaotesha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Dawa ikawa cefazolin, antibayotiki ya mshipani, kila baada ya saa nane, wiki sita. Hiyo ndiyo tiba. Mashine ilikuja kulinda shimo lililobaki.

Na kwa kulinda, naisifu. Sponji nyeusi hukatwa kwa mkasi ikae ndani ya kidonda, juu yake plastiki angavu inayonata, halafu mpira unaoingia kwenye kopo. Ukiwasha, sponji inanywea ghafla na kukakamaa. Nguvu ya kufyonza ya yangu ilitegeshwa milimita 125 za zebaki, mchana na usiku. Harufu iliisha siku ya pili. Shuka zilikauka. Kidonda kilichokuwa kikifungwa mara mbili kwa siku sasa kilifunguliwa kila baada ya siku mbili au tatu, na nikikohoa kifua hakikucheza kama mlango uliolegea bawaba.

Kero? Kubadilisha sponji. Nyama mpya huota ndani ya vitundu vyake, ikivutwa unaona nyota. Sista mmoja alikuwa akiilowesha kwa maji ya chumvi ya dripu nusu saa kabla, na kwake sikulia. Wenye haraka walinitoa machozi. Kero nyingine ni king'ora. Jasho chini ya titi linabandua plastiki, hewa inapenya, saa nane usiku kitu kinalia wodi nzima inaamka. Wala usizime mashine ukalala: ikikaa bila kufyonza zaidi ya saa mbili, sponji lazima itolewe. Damu nyekundu ikijaa mpirani, hapo ndipo unazima na kuita mtu mbio, maana moyo uko pale pale chini. Mimi nilitandikiwa kwanza, chini ya sponji, kitambaa kisichogandamana na nyama.

Siku ya 19 msuli wa kifua ulivutwa kufunika shimo, mashine ikaondoka. Kabla ya hapo sista alisoma namba iliyoandikwa kwa kalamu juu ya plastiki, akahesabu kwa sauti vipande vya sponji vilivyotoka. Vitatu viliingia, vitatu vimetoka.