Sarafu 30 za Uchina kwa posta: dai picha ya mgongo

Sarafu za Kichina zilinikaa moyoni kwa sababu ya Kajengwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako mwaka 1945 zilifukuliwa sarafu za namna hiyo, nyingi za enzi ya Song. Mwezi uliopita nikaagiza mtandaoni fungu la 30, za enzi ya Qing, kwa shilingi 95,000 pamoja na posta. Zilifika siku ya 24, kila moja ndani ya karatasi yake, kavu, hazijang'arishwa. Namshukuru sana muuzaji kwa hilo, maana sarafu kongwe ikishasuguliwa imeharibika.

Kosa lake ni picha. Aliweka za uso tu: herufi nne kuzunguka tundu la mraba, mbili zikiwa jina la utawala. Lakini mgongo ndio unaosema sarafu imesubiwa wapi. Za mfalme Qianlong (1736–1795) nyingi zina maneno mawili ya Kimanchu, lugha ya watawala wa Qing: kushoto Boo, yaani hazina, kulia jina la kiwanda. Nimepata 17 za Boo Ciowan, kiwanda cha Wizara ya Mapato, na 6 za Boo Yuwan, cha Wizara ya Ujenzi, vyote vya Beijing. Tazama kichwa cha neno, kwa sababu mikia yake inafanana. Nne ni za mikoani.

Halafu nikatoa moja nyekundu kuliko zote. Nikaigeuza, na upande wa kulia nikasoma mwenyewe, bila kitabu: alifu, kafu, sini, wau. Aksu! Ni mji wa Xinjiang, magharibi mwa Uchina. Huko walisubu kwa shaba karibu tupu, ndiyo maana ya wekundu ule, na jina la mji wakaliandika kwa Kimanchu kushoto na kwa herufi za Kiarabu kulia. Herufi hizohizo nilifundishwa chuo cha Kurani, Unguja. Nikamwita mama aje aione. Naye akaisoma.

Mbili zilizobaki ni bandia. Zina jeraha lilelile ukingoni, mahali palepale, na kutu yake ya kijani inabanduka kwa ukucha. Nikampelekea muuzaji picha, akarudisha fedha za hizo mbili siku ya tatu bila ubishi.

Nitanunua tena kwake, ila silipi kabla ya kuona pande zote mbili. Nimeshamwandikia kumuuliza kama anayo ya Yarkand, mji mwingine wa Xinjiang.