Mapipa ya bluu ya mtumba kwa akwaponiki: yanafaa, ila nusa kabla hujalipa

Nawapa wauzaji nyota tatu na nusu kati ya tano, na ntasema hiyo moja na nusu imeenda wapi. Naongelea mapipa ya plastiki ya bluu ya lita 200 yaliyotumika, yale yanayoingia viwandani na malighafi, yakishamalizwa yanauzwa mtaani. Nimeyachukua kijiwe kimoja pande za Buguruni, jina sitaji mana hata hakina jina, ni uwanja tu mapipa yamepangwa mpaka juu na vijana wamekaa kivulini wanacheza drafti. (Wageni wa Dar, ukiambiwa kafate mapipa usipande gari la Magomeni Mapipa, kile ni kituo tu.)

Nilikuwa nayataka kwa akwaponiki ya uani, samaki chini mboga juu. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye kokoto zilizopandwa mboga, bakteria wanaoishi kwenye hizo kokoto wanaibadili amonia ya samaki kuwa naitraiti kisha naitreti, mboga inakula naitreti, maji yanashuka masafi. Simtank mpya inaifanya hiyo kazi bila shida ila bei yake we unaijua, afu simtank mpya ukianza kuikata na grainda roho inauma. Pipa la mtumba nimelipata elfu hamsini, walianza na themanini.

Sasa shida ya kile kijiwe ni moja, ukiuliza pipa lilibeba nini jibu ni lile lile. "Hili la juisi dada." Na hili? "Juisi." Na lile kule kwenye kona lenye lebo imebanduliwa? "Lile nalo juisi dada angu, chukua hilo ndo zuri." Nkamwambia kaka, Dar nzima hainywi juisi kiasi hicho. Akacheka, akanikubalia nifungue vizibo mwenyewe, na hapo ndo nampa maksi zake, hakununa wala hakuniharakisha.

Nilivyokagua ni hivi. Kwanza pua, fungua kizibo uvute harufu, lakini pipa liwe limekaa juani kidogo, mana likiwa la baridi harufu inajificha. La rojo la embe au nyanya linanuka uchachu, hilo halina neno. Pili tochi ya simu, usimulike chini kwenye kitako, pale wameshaosha, mulika kwenye mabega ya pipa kwa ndani, karibu na mdomo, maji ya kuoshea huwa hayafiki kule. Lile pipa "zuri" nililosukumiwa lilikuwa na utando wa kahawia kwenye bega, mzito kama asali. Nkaomba maji kopo moja, nkamimina, nkafunga, nkaliviringisha kidogo. Kufungua, povu mpaka mdomoni. Sulfoniki hiyo, ile ile wanayotengenezea sabuni ya maji. Samaki anapumua kwa matamvua na sabuni inayaharibu matamvua, hata ikiwa kidogo sana. Yule kaka akaangalia povu, akaniangalia, akasema "basi hili la sabuni ya juisi." Nilicheka lakini nyota moja iliondokea pale pale.

La sulfoniki wala silitupii lawama, ukilisuuza sana linafaa maji ya kudeki na choo. Ya dawa za shamba, thina na mafuta ya mashine ndo usiyaguse hata ukipewa bure, mana hii plastiki inanyonya vitu vya aina hiyo, utaosha wee leo, kesho jua likipiga inaanza kuvitema kwenye maji. Hakuna kuosha kunakotoa hicho kitu.

Afu kuna maandishi yaliyofinyangwa kwenye pipa lenyewe, watu wanayaruka. Tafuta pembetatu yenye namba 2 na HDPE, hiyo ndo plastiki unayoitaka. Ukiona alama ya glasi na uma, plastiki yake ilitengenezwa kwa ajili ya chakula, ila haikwambii baadaye walimwagia nini. Utakuta pia 1H1 au 1H2. 1 ni pipa, H ni plastiki, na tarakimu ya mwisho inasema kichwa chake, 1 ni lile lililozibwa juu lenye vizibo viwili, 2 ni lile linalofunguka mdomo wote. Kuna wanaokwambia ukiona herufi za UN ujue lilibeba sumu, sio kweli, ile ni alama ya kwamba pipa limepimwa uimara wa kusafirisha mzigo, hata la chakula linaweza kuwa nayo. Kwaiyo maandishi yanakupa aina ya pipa, historia unaitafuta kwa pua na tochi.

Mi nilichukua la 1H2 la samaki na moja la 1H1 la kupasua kwa urefu nipate vitanda viwili vya mboga. Ukilipasua katikati unapata kina cha sentimita 28 hivi, na kitanda cha kokoto kinapenda kama 30, yani ni kama limetengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi alianza na grainda, plastiki ikawa inayeyuka inanata kwenye diski, tukaazima jigso, ule msumeno mdogo wa umeme, ikakata kama kawaida. Na usilidharau lile lenye vizibo, kizibo kimoja huwa kina uzi wa bomba la robo tatu inchi katikati umezibwa na ngozi nyembamba, unaitoa kwa kisu, mafundi wengi hata hawajui kama kipo.

Uzito sasa. Nusu pipa likijaa kokoto linakaribia kilo 150 kabla hujaweka maji, na mbavu zake zinatanuka nje, kwaiyo mbao za kulibana pembeni ni lazima na stendi iwe ya maana, sio vile vimbao vya kuanikia vyombo. Kokoto chukua za Lugoba zile ngumu, za matumbawe achana nazo, zinapandisha pH, yani maji yanapoteza uchachu, mboga inashindwa kufyonza madini ya chuma inakuwa njano, we utadhani samaki hawali. Mwagia siki kwenye kokoto moja, ikitoa vipovu rudisha.

Maji ya bomba yaache wazi siku mbili klorini itoke ndo uweke samaki, na kama ni ya kisima yaonje kwanza, huku pwani visima vingi vina chumvi, sato atavumilia ila mboga nyingi hazitavumilia. Samaki wenyewe usiwaweke wengi siku ya kwanza, bakteria wanataka wiki nne mpaka sita kujijenga.

Na hapa niwaambie ukweli wanaodanganywa na video za mapipa matatu yanayolisha ukoo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanashauri kwa mfumo mdogo usizidishe kilo 20 za samaki kwenye lita 1000 za maji. Pipa halijai mpaka juu, kwaiyo hapo una kilo tatu na ushee, ni sato kumi na kitu wa robo kilo. Hiyo sio biashara, ni kitoweo cha siku chache na mboga ya kila wiki, na mboga ndo inayolipa, mchicha na chainizi kwangu vinatoka kwa fujo, matembele ndo usiseme. Ukiona umeme wa kwenu unakatika hovyo weka kambale, yule anaweza kupumua hewa ya juu, sato pampu ikizima usiku wa joto anaweza asifike asubuhi.

Uzuri mwingine wa bluu ni kwamba mwanga haupiti sana, mapipa meupe yale mwani unajaa maji yanakuwa kijani. Ila jua la Dar linachemsha bluu nalo, weka kivuli, mi nimefunika na makuti mawili nimemaliza.

Nusu nyota iliyobaki nimekata kwa ajili ya "tunaosha bure". Kuosha kwao ni ndoo moja ya maji na kulipiga teke. Nimelirudia nyumbani mwenyewe na soda ya kuokea na brashi, nkaliacha limejaa maji, nkamwaga, nkajaza tena mpaka harufu ikaisha.

Pipa la 1H2 linatakiwa kuja na kifuniko na ringi ya chuma ya kukibana. Pale wanavificha nyuma ya mabati na kuviuza kando elfu kumi, ukidai kabla hujatoa hela unapewa bure, ukishapakia kwenye guta wanakwambia mzigo mwingine unaingia Jumatatu.